Sura ya Saba: Kuacha Meza, Kushika Kaunta

Anayetaka kuacha ofisi akauze vinywaji huwa na sababu zake, na karibu zote nimezisikia. Amechoka na vikao. Amechoka na bosi anayepita nyuma ya kiti akichungulia kilichomo kwenye kompyuta. Amechoka kujaza fomu ya kuombea fomu. Zaidi ya yote amechoka kuhesabiwa: saa ya kuingia, saa ya kutoka, malengo ya robo mwaka, alama za utendaji. Halafu Ijumaa jioni anakaa baa, anamtazama kijana wa kaunta anavyofungua chupa huku akitaniana na wateja, muziki unapiga, hakuna tai wala kitambulisho shingoni, naye anajisemea moyoni: hii ndiyo kazi, si ule utumwa wangu.

Sura hii nimemwandikia mtu huyo. Simkatazi. Kaunta ni kazi yenye ufundi wake, imejenga nyumba na kusomesha watoto, na wapo walioiingia kwa muda wakaigeuza kuwa maisha. Ila kama anachokimbia ni kule kuhesabiwa, basi ameshika njia siyo. Sijui ofisi inayomhesabu mfanyakazi wake kwa mililita.

Tuanze na chupa moja ya pombe kali, ile kubwa ya mililita 750. Toti moja ikiwa mililita 30, chupa hiyo ina toti 25, wala si 26 wala 24. Mwenye baa anajua, mhasibu wake anajua, na karatasi ya stoku inajua. Sasa mpe chupa hiyo kijana anayejiamini, anayemimina kwa jicho, bila kipimo. Mkono wake unazidisha mililita tatu tu kila toti, kiasi ambacho mteja hata hakioni. Atauza toti 22, na chini ya chupa kutabaki mililita 24 ambazo hazitoshi toti nyingine. Toti tatu zimeyeyuka, na hakuna aliyeiba. Fanya hivyo kwa chupa nne kwa usiku mmoja na utaelewa kwa nini makaunta wazoefu hawaachi kile kikombe kidogo cha bati hata wakimhudumia ndugu yao wa damu.

Bia ni rahisi zaidi kwa sababu chupa huuzwa nzima, lakini nayo ina mitego yake. Chupa hupasuka kwenye friji. Chupa tupu hupotea, nazo ni mali, maana kreti hairudi kwa msambazaji ikiwa na mapengo. Mteja hubadilisha mawazo chupa ikishafunguliwa: aliomba ya baridi, ameletewa ya moto. Msomaji asiyekunywa ajue kwamba “ya moto” ni bia isiyopita kwenye friji, na kuna wazee ambao hawagusi nyingine. Kaunta asiyekumbuka nani anakunywa ya moto atafungua chupa ambazo hazitakuwa na mnywaji.

Kisha zamu inakwisha na hesabu inafungwa. Kanuni yake mtoto wa shule ya msingi anaiweza: zilizolala tangu jana, jumlisha zilizoingia, toa zilizobaki, unapata zilizouzwa. Bia za Safari zilizolala 48, zimeingia 75, zimebaki 31. Zilizouzwa ni 92. Zidisha kwa bei, halafu linganisha na kilichopo: fedha taslimu, zilizolipwa kwa simu, na bili ambazo meneja ameziidhinisha. Saa tisa usiku, miguu imevimba, mazungumzo huwa ya namna hii:

“Dada, Safari zako zinasoma tisini na mbili. Hela inasoma themanini na tisa.”

“Tatu ni zile za mzee wa gari jeupe. Alisema anatoa gari kwenye foleni, anarudi kulipa.”

“Karudi?”

Hakurudi. Zile tatu zinaitwa shoti, na shoti hulipwa na aliyekuwa zamu. Mwisho wa mwezi, msichana ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo tangu mwanzo anakuta umebaki nusu, na mwenye baa anamwonyesha daftari: hii ya tarehe tano, hii ya tarehe kumi na mbili, hii glasi ulizovunja. Wengi husaini bila kusoma.

Hapa sheria ina la kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa hasara kadiri apendavyo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu ya makato, kiasi chake na alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Na jumla ya makato ya namna hiyo isizidi robo ya ujira. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, inataka mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na inasema anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Kwenye kuta za baa nimeona leseni, kalenda za kampuni za bia, picha za timu za mpira na maonyo kwamba mkopo umeenda harusini. Kifungu cha makato sijakiona hata mara moja.

Mtu wa ofisini anaposikia habari hizi huwa na kitu kimoja cha kujivunia ambacho yeye mwenyewe hakithamini: ameshazoea karatasi. Anajua mkataba ni nini. Anajua kuomba nakala. Anajua kwamba kitu kisichoandikwa hakikutokea. Binti aliyetoka kijijini na kuingia kaunta akiwa na miaka kumi na tisa hana silaha hiyo, na ndiyo maana naamini kwamba mhasibu, karani wa stoo au keshia wa benki aliyechoka na kazi yake anafaa kaunta kuliko yule mchangamfu wa mtaani anayesifiwa kwa maneno mengi. Uchangamfu hujifunzwa kwa wiki chache. Tabia ya kuhesabu kabla ya kupokea, na kutosaini usichokihesabu, huchukua miaka.

Kwa hiyo kaunta inatoa nini ambacho ofisi haitoi? Kwanza inakupa mwisho. Hesabu ikishafungwa na funguo zikishakabidhiwa, kazi ya leo imekwisha, hairudi kesho kama barua pepe iliyojibiwa nusu. Pili inakupa matokeo ya papo hapo. Umechanganya kinywaji, mtu amekionja mbele yako, uso wake umekwambia. Ripoti ya kurasa arobaini haijawahi kumfanyia mtu hivyo. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, inakupa ufundi unaosafiri.

Ufundi huu una historia ndefu ya kuhama. Mwaka 1862 Mmarekani Jerry Thomas alichapisha kitabu cha kuchanganya vinywaji, kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake nchini mwake. Kabla ya hapo mtu alijifunza kwa kusimama kando ya mwingine. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, mafundi wake walibeba ujuzi wao wakavuka bahari. Mmoja wao, Harry Craddock, alitua London mwaka huohuo wa 1920, akaingia hoteli ya Savoy, na kitabu cha kokteli kilichotoka huko mwaka 1930 bado kinauzwa. Mwaka 1951 wenzao walikutana Torquay, Uingereza, wakaunda shirikisho la kimataifa la mafundi wa baa, ambalo leo lina orodha rasmi ya kokteli na vipimo vyake. Ndiyo maana kijana aliyefundishwa Mombasa akifika Dubai, Doha au kwenye meli ya watalii, hafundishwi margarita upya. Anaonyeshwa tu friji iko wapi.

Orodha hiyo inatisha ukiitazama mara ya kwanza, majina mengi ya Kizungu, Kihispania na Kiitalia. Usiikariri kama aya za mtihani. Vinywaji vina koo, na ukoo mmoja ukiuelewa umepata nusu ya kazi. Chukua ule wa pombe kali, kichachu na kitamu. Mililita 60 za pombe, 30 za ndimu, 20 za shira ya sukari, barafu, tikisa kwa nguvu kama sekunde kumi na mbili, chuja. Pombe ikiwa ramu, umepata daiquiri. Ikiwa wiski, na limau badala ya ndimu, umepata whisky sour. Weka tequila, na badala ya shira weka likwa ya machungwa, hiyo ni margarita. Chenye maji ya matunda hutikiswa. Cha pombe tupu hukorogwa taratibu kwa kijiko kirefu ili kisivurugike rangi. Ukionja kila mara kabla ya kutoa, na lazima uonje kwa kuwa ndimu zetu hazina uchachu unaofanana, utajua lini uongeze shira na lini uache.

Afrika Mashariki nayo imechangia chake. Dawa, kinywaji kilichopata jina kwenye mgahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ni vodka, ndimu iliyokatwa vipande, sukari kidogo, barafu iliyopondwa, na kijiti kilichochovywa kwenye asali. Kijiti ndicho chenye akili yote. Fundi hachanganyi asali ndani. Anamwachia mteja akoroge mwenyewe, aponde ndimu kwa kile kijiti, aongeze utamu kadiri anavyotaka. Mtalii anarudi kwao akisimulia kijiti. Gharama yake ni ndogo sana, na sijaona kokteli ya bei mbaya inayomfanya mteja acheze hivyo.

Mchanganyo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya kazi. Katika baa nyingi za Sinza, Tabata au Mbagala unaweza kumaliza mwezi bila mtu kuomba kokteli hata moja. Kazi kubwa ni watu. Kumbukumbu kwanza: meza nne, watu kumi na saba, nani alianza na nini, nani analipa, nani asiletewe bili mbele ya mgeni wake. Halafu ulimi. Tazama kaunta mzuri anapomkabili mteja aliyezidiwa. Hasemi “umelewa”, neno hilo huanzisha ugomvi. Anasogea karibu, anashusha sauti.

“Mzee wangu, supu ya makongoro bado ya moto. Nikuletee bakuli kwanza, ndiyo tuendelee?”

“Mwanangu, nimesema niongezee.”

“Nimesikia, mzee. Naileta supu, na maji makubwa. Bodaboda wako yuko hapo nje, nimemwambia asubiri.”

Mzee anakula, anapoa, anasahau chupa aliyoagiza. Hajaaibishwa mbele ya watu, kesho atarudi. Hiyo dakika moja ina thamani kuliko kurusha chupa hewani, mchezo ambao vijana wengi hupoteza miezi wakijifunza kwa video huku hawajui kufunga hesabu.

Na kuna mtego wa sifa. Mgema wa methali akisifiwa hulitia tembo maji. Kaunta wa siku hizi akisifiwa hufanya kinyume: anaacha kipimo, anawamiminia marafiki pombe ya bosi kwa mkono mpana, anaitwa “mwamba”, na mwisho wa zamu mwamba analia na shoti. Ndugu wa sifa ni ofa. Mteja akifurahi husema, “Na wewe jichukulie moja.” Wazoefu wana dawa ya jambo hili: wanashukuru, wanaiandika, hawaifungui. Baa ikifungwa, zile ofa zinageuzwa fedha. Anayezinywa zote huwa na marafiki wengi kwa mwaka mmoja, kisha ini na mfuko vinaanza kumdai kwa pamoja. Ukijijua kuwa huwezi kukaa karibu na pombe bila kuionja, ruka sura hii, sura nyingine zinakufaa zaidi.

Sasa suala la nani anasimama wapi. Baa za mitaani wahudumu wengi ni wanawake, na mitaani bameidi hutajwa kwa dharau, kana kwamba anauza kitu kingine zaidi ya bia. Kaunta za hoteli kubwa, zenye taa za rangi na menyu ya ngozi, aghalabu husimama mwanamume aliyevaa kizibao, na yeye huitwa mtaalamu. Kazi ni ileile: kumimina, kukumbuka, kuhesabu, kuvumilia. Tofauti ni mshahara, heshima na mkono wa mteja unaothubutu kushika kiuno. Si jambo la kwetu tu. Kabla ya Craddock, kaunta ya Savoy iliongozwa na mwanamke, Ada Coleman, tangu 1903 hadi katikati ya miaka ya 1920, na kinywaji chake cha jini, vamuthi tamu na matone ya Fernet-Branca bado kinaagizwa dunia nzima kwa jina la Hanky Panky. Hata hivyo anayetajwa kwanza kila Savoy inapotajwa ni yule mwanamume aliyemfuata, kwa sababu yeye ndiye aliyeacha kitabu.

Mwanamke anayetoka ofisini kwenda kaunta aulize maswali mawili kabla ya mshahara. Mteja akimshika, meneja hufanya nini? Na usiku wa manane anarudi nyumbani kwa usafiri wa nani? Mwenye baa akicheka swali la kwanza, jibu limepatikana. La pili lipate jibu la maandishi. Bodaboda ya saa tisa usiku anayolipia mfanyakazi mwenyewe ni makato mengine yasiyo kwenye daftari.

Familia nayo itasema. Baba mkwe atauliza unafanya kazi gani, na “nipo benki” hutamkika kirahisi kuliko “nipo baa” hata kama wa baa ndiye anayetuma hela ya dawa kijijini. Kwa Mwislamu mambo ni mazito zaidi, kwa sababu wanazuoni hawamhesabu mnywaji peke yake, wanamhesabu pia anayeuza, anayebeba na anayemimina. Sitajifanya mufti. Ninachosema ni kwamba ufundi wa kaunta una mlango mwingine. Kahawa ya Kilimanjaro na Kagera inahitaji mikono inayojua kusaga, kupima joto na kupovusha maziwa. Hoteli zinahitaji anayeweza kutengeneza kinywaji cha ukwaju, tangawizi na mchaichai ambacho mgeni asiyekunywa pombe atakilipia bila kunung’unika. Vipimo ni vilevile, stoku ni ileile, na mtu anarudi nyumbani mapema.

Wazee wetu walisimama upande huu wa kaunta katika hali ngumu zaidi. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, na kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza Mwafrika wa Kenya na Tanganyika alikatazwa na sheria kunywa pombe kali ya chupa, hadi katazo lilipoondolewa katika miaka ya 1950. Maana yake mtu aliweza kumimina wiski miaka ishirini, akijua kwa harufu na rangi ipi ni ipi, bila ruhusa ya kuonja. Majina yao hayakuandikwa popote. Mimi huwakumbuka kila mtu anapodai kwamba ufundi huu umeletwa juzi na vijana wenye ndevu waliotoka Ulaya.

Fedha. Usitarajie mshahara wa msingi wa baa ya mtaani ukushtue kwa furaha. Kinachoinua mapato ni bakshishi, na siku hizi nyingi huja kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na sasa kuanzia Kisumu hadi Mtwara mteja anauliza namba ya kulipia kabla ya kuuliza bei. Ni nafuu kwa usalama, hakuna droo iliyojaa noti, lakini kuna matapeli wanaokuonyesha ujumbe wa malipo waliouandika wenyewe. Kanuni ni moja: usiamini simu ya mteja, amini simu ya baa. Na jambo la bakshishi liulizwe siku ya kwanza, ni ya aliyepewa au inawekwa chungu kimoja na kugawanywa, na jikoni wanapata? Nimeona timu nzuri zikivunjika kwa swali hili kuliko kwa mshahara. Ulizia pia mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliyekuwa ofisini alizoea kuona makato ya NSSF bila kuyafikiria; kaunta asiyeandikishwa atazeeka na miguu mibovu na hana pensheni.

Kazi yenyewe pia ina tabia ya kuzimwa kwa amri. Kenya ilipotunga sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, ile inayoitwa na wananchi Sheria ya Mututho, baa zilitakiwa kufungua saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku siku za kazi. Saa za kuuza zikapungua, na saa za kulipwa nazo. Machi 2020, corona ilipoingia, baa za Kenya zilifungwa na hazikuruhusiwa tena hadi mwisho wa Septemba, wakati makarani wengi walikuwa nyumbani na kompyuta zao wakilipwa. Mwanzoni mwa 2024 Zanzibar iliishiwa vinywaji hotelini baada ya vibali vya waagizaji kutohuishwa; utalii ulikuwepo, wageni walikuwepo, rafu zikawa tupu. Mtu wa kaunta anahitaji akiba ya miezi, na mtu wa kaunta mwenye watoto anahitaji zaidi.

Ukiwa umesoma hadi hapa na bado unataka, ziko shule. Kenya kuna Utalii College, Nairobi, tangu 1975. Tanzania kuna Chuo cha Taifa cha Utalii, kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii kule Njiro, Arusha, na Zanzibar kuna taasisi ya utalii ya chuo kikuu cha SUZA pale Maruhubi. Cheti kitakusaidia mlangoni mwa hoteli. Kwa baa ya mtaani hakina haja. Lakini shule au si shule, ombi langu ni uingie kwa mlango wa stoo. Kubali miezi ya kubeba kreti, kuosha glasi, kuponda barafu, kupokea mzigo kwa msambazaji na kuuhesabu mbele yake kabla gari halijaondoka. Pale ndipo utajua kipi kinauzwa Jumanne na kipi kinalala, nani anaiba na kwa njia gani, na kwa nini baa ya jirani ilikufa ilhali ilikuwa inajaa. Waliorukia kaunta moja kwa moja kwa sababu wana sura nzuri na maneno matamu nimewaona wakibaki palepale miaka. Waliopitia stoo ndio wanaokuja kumiliki baa.

Na usianze kwa kuandika barua ya kuacha kazi. Ukiwa mwajiriwa Tanzania Bara, sheria inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Soma kwanza mkataba wako kama unakuruhusu kufanya kazi kwingine, kisha tafuta baa ya mtu anayekubali msaidizi wa muda, ufanye zamu kamili, hasa za Ijumaa hadi Jumapili na za mwisho wa mwezi. Fungua hesabu mwenyewe na uifunge mwenyewe. Mwombe mwenye baa akuonyeshe shoti zako zote kwa maandishi. Likizo ikiisha na bado unaitaka kazi hiyo, ndipo utoe notisi ofisini. Kwa anayelipwa kwa mwezi nayo ni siku 28. Imalize yote na uondoke kwa amani, maana meneja wa hoteli anayejua kazi yake atampigia simu mwajiri wako wa zamani kabla hajakukabidhi funguo za stoo.